Nomino Bila Kitenzi: Tafsiri ya Bustani za Disney kwa Hadhira za Kigeni

Utangulizi

Uhakiki wa tafsiri katika lugha za Kiafrika umeshughulika zaidi na vitabu. Tangu ilipotoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929, hadi Mabepari wa Venisi ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, swali kuu limebaki lile lile aliloliweka wazi Friedrich Schleiermacher katika mhadhara wake wa mwaka 1813: je, mfasiri amchukue msomaji ampeleke kwa mwandishi, ama amchukue mwandishi amlete kwa msomaji? Nyerere alipoupa mchezo wa Shakespeare jina la mabepari badala ya wafanyabiashara, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alimleta mwandishi kwa msomaji kwa nguvu, na wahakiki hawajaacha kujadiliana kama alimleta salama.

Swali hilo halikomei kwenye maandishi. Mahali pia huweza kutafsiriwa. Bustani ya burudani iliyojengwa kwa kufuata visa, yenye mitaa, kasri, mito na wahusika wake, ni kazi ya sanaa yenye fani na maudhui, na inapohamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine hukutana na hadhira isiyokuwa ikitarajiwa hapo awali. Bustani za kampuni ya Disney zinafaa kuchunguzwa kwa sababu kazi ile ile moja imetafsiriwa mara nne nje ya Marekani: Tokyo mwaka 1983, karibu na Paris mwaka 1992, Hong Kong mwaka 2005, na Shanghai mwaka 2016. Ni nadra kitabu kupata wafasiri wanne wenye fedha nyingi kiasi hicho, wote wakifanya kazi mbele ya macho ya watu.

Makala haya yanadai kwamba wasanifu wa bustani hizo, kwa kawaida, walikuwa hodari katika kutafsiri nomino na dhaifu katika kutafsiri vitenzi. Walijua kubadili jina, rangi ya ukuta na umbo la paa. Wakasahau namna watu wanavyokula, wanavyosafiri na wanavyopeana zawadi. Mwisho makala yatatazama mji mmoja wa bandia ambao wasomaji wa Kiswahili wana haki ya kuuhoji: mji wa Harambe, uliojengwa Florida mwaka 1998.

Kazi ya asili

Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Mgeni aliyeingia alipita kwanza katika barabara kuu ya mji mdogo wa Marekani, kama ulivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 20: duka la peremende, ukumbi wa mji, gari la kukokotwa na farasi. Kutoka hapo alifika kwenye kasri, na kutoka kwenye kasri njia zilimpeleka katika nchi za porini, za mpaka wa magharibi, za ngano na za kesho.

Mpangilio huo ni sentensi iliyokamilika kwa Mmarekani wa mwaka 1955. Barabara kuu ni utoto wa baba yake. Mpaka wa magharibi ni historia aliyofundishwa shuleni. Kasri ni Ulaya ya mbali ambayo babu yake aliiacha. Na kesho ni ahadi ya taifa lake. Kila sehemu inategemea kumbukumbu ambayo tayari imo ndani ya msomaji. Ukiiondoa kumbukumbu hiyo, majengo yanabaki lakini maana yanyauka. Hapa ndipo penye kazi ya mfasiri: afanye nini na barabara ya utoto kwa mtu ambaye utoto huo si wake?

Tokyo: wenyeji walioomba ugeni

Bustani ya Tokyo, iliyofunguliwa tarehe 15 Aprili 1983 katika mji wa Urayasu, ina sifa moja ambayo wahakiki wengi huipita. Mwenye mali si Disney. Kampuni ya Kijapani, Oriental Land, ndiyo iliyojenga na kuendesha, nayo Disney ilipokea malipo kwa ruhusa ya kutumia kazi yake. Kwa maneno mengine, tafsiri hiyo iliagizwa na msomaji mwenyewe.

Msomaji huyo hakutaka kuletewa Ujapani. Alitaka Marekani. Hata hivyo mabadiliko yalifanywa, na yote yana mafunzo. Barabara kuu iligeuzwa kuwa soko lililoezekwa kwa paa la kioo, likaitwa World Bazaar, kwa kuwa mvua ya Tokyo si ya California. Nchi ya mpaka ikaitwa Westernland, kwa kuwa neno la Kiingereza linalobeba dhana ya mpaka halikuwa na mwangwi kwa Wajapani, ambapo sinema za magharibi zilijulikana na kila mtu. Treni, ambayo kule Anaheim huzunguka bustani nzima na kusimama vituo kadhaa, ilipewa kituo kimoja tu, kwa sababu treni ya kupeleka watu kutoka kituo hiki hadi kile ingehesabiwa kuwa ni usafiri wa umma chini ya sheria za reli. Jumba la mizimu liliwekwa katika nchi ya ngano, si katika mji wa Kimarekani wa kale.

Lakini badiliko lenye uzito zaidi halionekani kwa macho upesi. Mjapani anayesafiri hutarajiwa kurudi na zawadi kwa jamaa na wafanyakazi wenzake. Desturi hiyo huitwa omiyage. Soko lile lenye paa, ambalo mgeni hulipita akiingia na akitoka, lililingana na desturi hiyo barabara. Aidha, kwa kuwa wageni hawakuruhusiwa kuingia na chakula chao, palitengwa mahali nje ya lango ambapo familia zilizobeba chakula kutoka nyumbani ziliweza kuketi na kula. Haya ni mambo ya vitenzi: kuzawadia, kubeba, kuketi, kula. Mwenye kuyajua alikuwa mwenyeji, naye ndiye aliyekuwa na kauli.

Mwaka 1992 Mary Yoko Brannen alichapisha insha juu ya bustani hiyo kwa jina la “Bwana Mickey”. Hoja yake ni kwamba Wajapani hawakumezwa na Marekani. Waliutumia ugeni wa Marekani kwa manufaa yao, wakiuacha uendelee kuwa ugeni ili nafsi yao ionekane wazi zaidi. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo mhakiki wa Kiswahili hawezi kulipita jina la insha bila kusita. Katika Kiingereza neno “bwana” liliingia kupitia vitabu vya uwindaji na sinema za kikoloni, likamaanisha mzungu mwenye bunduki anayeitwa hivyo na wapagazi. Katika Kiswahili bwana ni mume, ni mwungwana, ni mwenzako unayemwita njiani, na kwa Mkristo ni Mungu. Insha inayotetea haki ya Mjapani ya kufasiri neno la Mmarekani imetumia neno la Mswahili kwa maana aliyolipa mkoloni. Mwandishi hana hatia ya pekee hapa. Alilikuta neno limekwisha kufasiriwa. Jambo hilo linaonyesha tu kwamba kuna lugha zinazoulizwa namna zinavyotaka kufasiriwa, na kuna lugha zisizoulizwa.

Paris: mwandishi aliyejifasiri mwenyewe

Bustani ya Marne-la-Vallée, mashariki ya Paris, ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992. Kabla haijafunguliwa, Ariane Mnouchkine, mwongozaji mashuhuri wa tamthilia, alikuwa amekwisha kuifananisha na Chernobyl ya utamaduni. Wasanifu hawakupuuza hofu hiyo. Kwa kweli hii ndiyo tafsiri iliyofanyiwa kazi kwa uangalifu mkubwa kupita zote katika upande wa umbo.

Tatizo lao lilikuwa zito. Utamjengeaje kasri la bandia mtu mwenye makasri ya kweli? Kasri la Anaheim lilikuwa limeigwa kutoka Neuschwanstein ya Bavaria. Kulirudisha Ulaya ni sawa na kumfasiria mtu methali yake mwenyewe. Wasanifu wakaamua kuacha kuiga mawe na kuiga michoro: kasri la Paris, la rangi ya waridi, lilichukua sura yake kutoka Mont-Saint-Michel na kutoka picha za vitabu vya sala vya zama za kati, na chini yake pakawekwa pango la joka. Nchi ya kesho ikaachwa, mahali pake pakashikwa na Discoveryland, nchi ya mambo yajayo kama yalivyowazwa na Jules Verne. Bibi harusi na jumba lake la mizimu wakahamishiwa mpaka wa magharibi. Safari ya mtoni katika pori la Afrika na Asia haikuwekwa kabisa. Kila moja ya hatua hizi ni uamuzi wa mfasiri anayemheshimu msomaji wake. Ngano ya mrembo aliyelala, ambayo Charles Perrault aliichapisha mwaka 1697, ilirudi kwao ikiwa imevaa nguo nzuri.

Na bado msomaji alinung’unika. Hapana budi kusema kwa haki kwamba hasara ya zaidi ya faranga bilioni 5 iliyotangazwa kwa mwaka wa hesabu wa 1993 ilitokana kwa sehemu kubwa na mikopo, riba, hoteli nyingi mno, na uchumi wa Ulaya uliokuwa umezorota. Kasri halikuwa na kosa katika hayo. Lakini manung’uniko ya wageni wenyewe yalihusu mambo ambayo wasanifu hawakuyaona kuwa ni utamaduni. Divai na pombe nyingine zilikatazwa ndani ya bustani, katika nchi ambamo divai ni sehemu ya mlo, si ya ulevi. Ilidhaniwa kwamba Mzungu wa bara hali kifunguakinywa cha maana, kumbe wageni wa hotelini walikitaka, nao wakapanga foleni ndefu asubuhi. Ilidhaniwa kwamba watu watakula kidogo kidogo mchana kutwa, kama Wamarekani, kumbe Wafaransa waliijia meza kwa pamoja ilipokaribia saa saba mchana. Wafanyakazi nao walipinga masharti ya ndevu, nywele na mavazi, wakayaona kuwa yanaingilia utu wao.

Mambo haya yakiwekwa pamoja, sura moja inajitokeza. Wasanifu walikuwa wamesoma Perrault na Verne, lakini hawakuwa wamesoma meza. Walitafsiri utamaduni unaohifadhiwa katika maktaba, wakaacha ule unaohifadhiwa katika saa na tumbo. Mwaka 1993 divai iliruhusiwa. Mwaka 1994 jina la Paris liliingizwa katika jina la bustani, deni likapangwa upya. Mwaka 1995 faida ilipatikana kwa mara ya kwanza. Kasri lilibaki lile lile. Kilichobadilika upande wa mgeni ni kitenzi.

Hong Kong na Shanghai: bahati na kalenda

Baada ya Paris, kampuni ilijifunza kuuliza. Hong Kong, tarehe 12 Septemba 2005, bustani ilifunguliwa baada ya ushauri wa wajuzi wa feng shui: uelekeo wa lango ulibadilishwa, njia itokayo kituo cha treni ikapindwa ili neema isitiririkie baharini, na tarakimu 4, ambayo hutamkwa karibu na neno la kifo, ikaepukwa katika ghorofa za hoteli. Katika safari ya mtoni wageni waligawanywa katika foleni tatu kwa lugha: Kikantoni, Kimandarini na Kiingereza. Mfano huu wa mwisho unastahili kuzingatiwa na wanaisimu, maana hapa usanifu ulikubali kwamba mzaha haufasiriki papo hapo. Kila lugha ipewe mashua yake na mchekeshaji wake. Jumba la mizimu halikujengwa. Mahali pake, mwaka 2013, palifunguliwa Mystic Manor, jumba la vitu vya kale vilivyopata uhai, lisilo na maiti wala roho za waliokufa, kwa kuwa kuwafanyia mzaha wafu si jambo jepesi mahali ambapo wahenga huheshimiwa.

Lakini mwanzoni mwa mwaka 2006, wakati wa mapumziko ya Mwaka Mpya wa Kichina, watu waliokuwa na tiketi mikononi walifika wakakuta milango imefungwa. Tiketi zilikuwa zinatumika siku yoyote, na wenye bustani hawakukadiria ipasavyo kwamba mapumziko ya China bara yangeleta familia nyingi kiasi hicho kwa siku zile zile. Kejeli yake ni wazi. Kalenda ilikuwa imeshauriwa kwa ajili ya bahati, haikushauriwa kwa ajili ya safari. Imani ya mwenyeji iligeuzwa nomino nzuri ya kuwekwa langoni, huku mwendo wake ukisahauliwa.

Shanghai, iliyofunguliwa tarehe 16 Juni 2016, ilikwenda mbali zaidi. Barabara kuu ya Kimarekani iliondolewa, kisha bustani ya miti na maua ikawekwa katikati, pamoja na picha za wanyama 12 wa miaka ya Kichina waliochukuliwa miongoni mwa wahusika wa Disney, na nyumba ya chai ya mtindo wa Kichina. Bob Iger, mkuu wa kampuni wakati huo, alieleza lengo kuwa ni bustani iliyo ya Disney kwa asili na ya Kichina kwa sura. Si ajabu. Serikali ya Shanghai, kupitia kampuni zake, ilikuwa na hisa kubwa zaidi katika mali hiyo, na msomaji mwenye hisa huulizwa mengi kuliko msomaji mwenye tiketi tu. Hapa Tokyo na Shanghai zinakutana kwa njia tofauti: ya kwanza ilitumia kauli yake kuomba ugeni, ya pili kuomba uwenyeji. Hivyo swali la Schleiermacher linapata nyongeza. Haitoshi kuuliza nani aletwe kwa nani. Sharti iulizwe pia nani anayeamua.

Harambe: mwenye lugha asiye hadhira

Mnamo Aprili 1998 Disney ilifungua bustani ya wanyama huko Florida, na ndani yake mji wa Harambe, bandari ya kubuniwa ya Afrika Mashariki. Wasanifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walizuru Afrika Mashariki, na Lamu ni miongoni mwa miji iliyowapa sura za kuta na milango. Vibao viliandikwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Maduka na migahawa ikapewa majina ya huku.

Sifa zake zitajwe kwanza. Sinema nyingi za Marekani zimeionyesha Afrika kama mbuga isiyo na watu. Harambe ni mji. Una maduka, matangazo, nyaya za umeme, hadithi ya ukoloni na ya uhuru. Msanifu aliyechagua kumpitisha mgeni mjini kabla ya kumfikisha kwa simba amesema jambo la kweli kuhusu Afrika.

Kasoro zake ni za aina nyingine. Neno harambee, wito wa wavuta kamba na wapandisha mizigo, ambalo Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa mwaka 1963 na ambalo limeandikwa katika nembo ya Kenya, limepoteza irabu yake ya mwisho. Kosa ni dogo kwa macho ya mgeni, lakini katika Kiswahili irabu mbili ni silabi mbili, na silabi ya mwisho ndiyo inayovutwa pamoja na kamba. Mwaka wa uhuru wa mji huo ni 1961, ambao ni wa Tanganyika, ilhali wito wake ni wa Kenya. Juu ya nyumba zenye sura ya pwani mapaa yaliezekwa na mafundi wa Kizulu kutoka Afrika Kusini, mafundi stadi sana, lakini wa ufundi mwingine na wa nyasi nyingine, si wa makuti. Na kuta zimefanywa zionekane zimebanduka chokaa. Huko Lamu, ambayo mji wake mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, ukuta uliobanduka ni gharama na aibu ya mwenye nyumba. Huko Florida ni pambo linalolipiwa ili lisitengenezwe.

Inaweza kujibiwa kwamba mji wa kubuniwa una haki ya kuchanganya, kama riwaya inavyochanganya. Jibu hilo linakubalika kwa nusu tu. Tatizo la Harambe si mchanganyiko. Tatizo ni kwamba lugha ya Kiswahili imewekwa pale bila kuhitaji msomaji wa Kiswahili. Mgeni anaweza kupita mji mzima bila kulijua neno hata moja, wala asipungukiwe na kitu, kwa kuwa maneno hayo yanafanya kazi ya rangi ya ukuta. “Jambo” hutamkwa langoni kama kengele, ilhali katika mazungumzo ya Waswahili salamu ni tendo la watu wawili: hujambo hudai sijambo, na shikamoo hudai marahaba. Salamu isiyongoja jibu ni nomino. Hali ni hiyo hiyo kwa “hakuna matata”, maneno ambayo filamu ya mwaka 1994 iliyatangaza duniani, na ambayo kampuni iliyasajili Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake ya biashara ya nguo. Mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi kuupinga usajili huo. Kisheria usajili haukumzuia mtu yeyote kusema. Lakini hasira ile ilikuwa na mantiki yake. Wenye lugha waligundua kwamba walikuwa wametafsiriwa bila kuwa mwandishi, wala mfasiri, wala msomaji.

Kwamba kupinga kunaweza kuleta matunda kulionekana mwaka 2021, pale kampuni ilipoanza kuondoa katika safari zake za mtoni za Anaheim na Florida picha za wenyeji walioonyeshwa kama washenzi, mojawapo ya michezo iliyokuwapo tangu 1955. Ilichukua miaka 66. Divai ya Paris ilichukua takriban mwaka mmoja. Tofauti ya muda huo ndiyo kipimo halisi cha nani anayehesabiwa kuwa hadhira.

Hitimisho

Wahakiki wa mambo haya wamezoea njia mbili. Wa kwanza husema ni biashara tu, na biashara hubadilika kumfuata mnunuzi. Wa pili husema ni ubeberu wa utamaduni, na ubeberu haubadiliki. Mifano iliyochunguzwa inaonyesha kwamba njia zote mbili ni fupi. Kazi ile ile moja imekuwa tafsiri ya kuheshimika mahali ambapo mpokeaji alikuwa na kauli, na imekuwa pambo mahali ambapo aliyefasiriwa hakuwa na hisa wala tiketi.

Kwa walimu wa lugha fundisho haliko Florida pekee. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, iliyakusanya maboma ya makabila mbalimbali mahali pamoja kwa ajili ya wageni, na kila tamasha la utamaduni mashuleni hufanya jambo la namna hiyo hiyo: hutafsiri mahali na desturi kwa hadhira isiyo ya pale. Hapo pia maswali ni yale yale. Je, nyumba imeonyeshwa pamoja na namna ya kubisha hodi? Je, mwenye nyumba aliulizwa? Na mgeni akisalimiwa, je, amefundishwa kuitikia? Ukuta ni rahisi kuigwa, na jina ni rahisi kuazimwa. Mfasiri wa mahali anayestahili jina hilo ni yule anayeanza na kitenzi.